Kipaji cha Kijana Nacho ni Kazi



Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama huko Nyamira, mama mmoja alituuliza: "Kijana wangu hataki kuchuma majani chai. Ati anataka kuimba rapu. Nimfanye nini?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Tulimwahidi jibu, na ndilo somo letu la leo.

Tumtazame Nyamari Ongegu, jina ambalo masikio ya Gusii yanalitambua mara moja. Vijana wanamwita Nyashinski. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliimba rapu kwa Kiswahili na Sheng pamoja na wenzake 2, Collo na Roba. Kundi lao liliitwa Kleptomaniax, na wimbo wao "Tuendelee" ulipendwa sana. Baadaye alikwenda Marekani, akakaa karibu miaka 10, na huko aliendesha lori. Mwaka 2016 alirudi kwa wimbo "Now You Know", na mwaka 2020 akatoa albamu "Lucky You".

Tunajifunza nini?

1. Hakuanza peke yake. Walikuwa watatu, kikundi kama chenu.

2. Kazi ya mikono haiui kipaji. Kijana anaweza kuchuma chai asubuhi na kuimba jioni.

3. Wimbo ni mali. Wachongaji wa Tabaka wanajua: ukimwuzia broka kinyago kwa haraka, faida inabaki mjini. Wimbo ni vivyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtungaji maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa. Kabla ya kurekodi, kijana aandikiane na mwenye studio ni nani mwenye wimbo. Kisha ausajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Basi mama, usimfukuze kijana, wala usiuze ng'ombe kulipia studio. Aweke akiba kidogo kidogo. Ikipungua, kikundi kimkopeshe kama mnavyomkopesha mfuga kuku, naye alipe. Hata mpiga obokano wa zamani alikuwa kijana wa mtu.

Maswali ya kujadili:

- Katika kijiji chetu, ni vijana gani wana kipaji ambacho tumekicheka?
- Kikundi chetu kinaweza kumkopesha kijana kama huyo kwa masharti gani?
- Nani kati yetu anaweza kumsaidia kusoma mkataba kabla hajatia sahihi?