Geuza Sahani Kwanza: Vidokezo vya Kukadiria Umri wa Kauri ya Kichina

Mkulima wa Magoma, huku bonde la Lwengera, akikwatua shamba akaibua kigae cheupe chenye maua ya buluu, jirani hakosi kumwambia ni mali ya Mchina wa kale. Huenda ni kweli. Kauri ya Kichina imefika pwani yetu kwa zaidi ya miaka elfu, na hii ya buluu na nyeupe tangu karne ya 14. Lakini vigae vingi si vikongwe kiasi hicho, na kuvitofautisha kunafundishika.

1. Uliza kimetoka wapi. Katika karne ya 19 misafara ilipanda kutoka Pangani ikafuata mto hadi Mazinde kwa chifu Semboja. Kwa hiyo kigae cha bara hii yetu kina uwezekano mkubwa wa kuwa cha karne hiyo au baada yake. Tongoni, kusini ya jiji la Tanga, ni habari nyingine: mji ulistawi karne ya 14 na 15, na nguzo za makaburi yake zilipachikwa bakuli kutoka ng'ambo.

2. Dondosha tone la maji penye mvunjiko. Kauri halisi huchomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,200, hainywi maji. Tone likizama, hicho ni chombo cha udongo wa kawaida, pengine cha Ulaya. Bakuli za Maastricht, Uholanzi, zilienea sana huku karne ya 19.

3. Fuata mstari wa buluu kwa jicho. Mstari wa brashi hunenepa na kukonda, na rangi hujikusanya pale mkono uliposita. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangika, au ua limekatika mahali karatasi ya chapa ilipokutana, huo ni mchoro uliopigwa chapa. Ile picha maarufu ya mti, daraja na ndege wawili ilibuniwa na wafinyanzi wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, ijapokuwa ina sura ya Kichina.

4. Sasa geuza. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwani wanaoiga huhangaikia uso wa sahani na kusahau kitako. Papasa ukingo inaposimamia sahani, pasipo mng'aro. Wekundu wa kutu kandokando yake huonekana kwenye kauri nyingi za zamani. Chembe za mchanga mkavu zilizogandia hapo ni alama ya kauri nyingi za Zhangzhou, kusini mwa China, za mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ya 17. Kitako laini, cheupe pe, sawasawa pande zote, kinanukia kiwanda cha juzijuzi.

5. Maandishi yasikulaghai. Jina la mfalme Xuande (1426–1435) liliendelea kuandikwa karne nyingi baada yake. Mwaka 1677, enzi ya Kangxi, mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri huko China, walikatazwa kuandika jina la mfalme, ndiyo maana vyombo vingi vya wakati huo vina duara mbili tupu, au jani tu. Neno CHINA kwa herufi za Kirumi kwa kawaida ni la baada ya 1891, Marekani ilipodai bidhaa zitaje nchi zilikotoka.

6. Linganisha na chenye tarehe. Ngome ya Yesu, Mombasa, ina kauri iliyoopolewa kwenye meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama hapo 1697. Itazame hiyo kabla ya kubishana na mtu.

7. Usibandue wala usiuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Inauma kuona nguzo za makaburi ya Tongoni, na ya Kunduchi kule Dar es Salaam, zimebaki na matundu bakuli zilipobanduliwa. Ukiokota kigae, kioshe kwa maji matupu, andika kijiji, shamba na kina ulichochimba, tia vyote mfuko mmoja, kisha wajulishe Idara ya Mambo ya Kale.