Mkoko ulio mbele ya shamba ni wa nani?

Mkaazi wa kijiji cha ufuoni ana shamba linaloteremka mpaka kwenye matope ya bahari. Baba yake alikata boriti hapo, na babu yake pia. Nyumba imeanza kuinama upande mmoja, kwa hivyo anaingia mikokoni asubuhi, anakata boriti kumi na mbili, na kabla ya adhuhuri yuko mikononi mwa askari wa misitu. Kesi za namna hii si ngeni katika pwani ya Kenya, na mara nyingi mshtakiwa huamini kwa moyo safi kwamba alikata mti wake mwenyewe.

Mti haukuwa wake. Lakini sheria ileile iliyomkamata imemwekea pia njia ya kuzipata boriti hizo, na hata njia ya kijiji chake kupata fedha kutokana na miti ambayo haijakatwa. Somo hili linaeleza njia hiyo inapitia wapi, na mkaazi ana haki ya kudai nini kutoka kwa Shirika la Huduma za Misitu Kenya, KFS.

Mpaka uko kwenye bamvua

Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, wakati wa ukoloni. Tangazo lile lilihusu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa wakati wa bamvua. Baada ya uhuru hali hiyo haikubadilishwa, na Katiba ya 2010 inaihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma. Kwa hivyo hati ya shamba, hata iwe halali namna gani, inakoma pale maji ya bamvua yanapofika. Anayeuza ploti yenye mikoko ndani yake anauza kitu asichokuwa nacho, na anayenunua atabaki na karatasi. Mipaka ya msitu wa umma haiwezi kubadilishwa na chifu, diwani wala afisa wa ardhi. Ombi la kubadilisha mpaka lazima lifike Bunge la Taifa.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko. Zaidi ya nusu iko Lamu, na Kwale ina zaidi ya hekta 8,000, nyingi zikiwa Gazi, Funzi, Shirazi na Vanga.

Mkanganyiko mwingine ni wa ofisi. Katiba na sheria zimeipa serikali ya kaunti kazi ya kutekeleza sera za kitaifa za misitu mashinani, kuhimiza upanzi wa miti na kuwashauri wenye misitu ya jamii na ya watu binafsi. Mvinje aliyeupanda mkulima shambani mwake utahusu maafisa wa kaunti. Mkoko unahusu KFS, shirika lililoanza kazi mwaka 2007 baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 kuivunja Idara ya Misitu ya zamani. Leo shirika hilo linafanya kazi chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Mkaazi anayepeleka ombi la boriti za mikoko kwenye ofisi ya kaunti ataelekezwa kwenye kituo cha misitu, na ni bora aanzie huko asipoteze nauli.

Kinachokatazwa na sababu yake

Bila leseni, kibali au mkataba, sheria hiyo inakataza kukata au kuondoa zao lolote la msitu wa umma, kulisha mifugo humo, kulima, kujenga, kuwasha moto, hata kutundika mzinga au kurina asali. Inakataza pia kuwa msituni kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa kwa anayepita katika barabara au njia inayotambuliwa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. Hakimu hana nafasi ya kushuka chini ya hapo kwa sababu mshtakiwa ni mzee au boriti ni chache.

Inaonekana kali, na kwa mtu wa boriti kumi na mbili ni kali kweli. Lakini mkoko wenyewe una tabia inayofaa kueleweka. Mchu ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Mkoko hauchipui. Ukishakatwa chini ya matawi yenye majani umekufa, na pengo lake litajazwa tu iwapo kuna mche mwingine wa kuingia hapo. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, huning'inia kama penseli ndefu, kisha huanguka matopeni au huchukuliwa na maji. Eneo likikatwa lote kwa pamoja, mama wa mbegu hayupo, udongo unapata jua kali na chumvi inazidi, na miche inayoletwa na maji haishiki.

Gazi iliona hayo. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Baadhi ya maeneo yalibaki matupu miaka mingi baadaye, mpaka wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, walipoanza kuyapanda upya pamoja na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wavuvi walikuwa wamekwisha kuonja hasara kabla ya wataalamu, kwa maana kamba, kaa na samaki wengi wadogo hulelewa katikati ya mizizi ile.

Korija kwa leseni

Ukataji wa halali upo, na una lugha yake ambayo wazee wa pwani wanaijua kuliko maafisa wengi wapya. Miti hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, kisha nguzo. Huhesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini. Anayetaka kukata kwa biashara huomba leseni kwa KFS, hupangiwa eneo na kiasi cha korija, hulipia kwa kila korija kulingana na unene, na hupata kibali cha kusafirisha kabla ya mzigo kuondoka. Malipo ya huduma za serikali sasa hupitia eCitizen. Askari anayetaka pesa mkononi ufuoni haendeshi utaratibu huo, na mkaazi asiyepewa risiti hana kitu cha kuonyesha kwenye kizuizi cha barabarani.

Kabla ya yote, muulize afisa wa kituo kama ukataji umefunguliwa. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90, kisha ikaongeza muda mara kadhaa. Walioumia zaidi ni waliokuwa wamezoea kufanya kazi kwa leseni ya mwaka uliotangulia. Amri ya namna hiyo hutolewa kwa nchi nzima, na kupanda tena kwa mikoko ya ghuba moja hakuiondoi.

Chama chenye mkataba

Leseni ni ya mtu mmoja. Njia pana zaidi ni ya jamii, na hapa ndipo vijiji vingi vinapojinyima. Sheria inawaruhusu wakaazi wanaopakana na msitu kuunda chama cha jamii cha msitu, CFA, kukisajili, kisha kuomba KFS kushirikiana nao katika usimamizi. Kunatengenezwa mpango wa usimamizi wa msitu huo, na pande mbili zinatia sahihi mkataba. Mkataba ndio unaotaja haki za matumizi: dawa za miti, asali, kuni, majani ya mifugo, malighafi ya kazi za mikono, utalii, elimu, hata kandarasi za kazi za msitu kama kuotesha miche. Kwa upande wake chama kinalinda msitu, kinasaidia kutekeleza sheria na kutoa taarifa za moto na wizi. Sheria inakitaka pia kilinde vichaka vitakatifu, jambo ambalo watu wa kaya hawahitaji kufundishwa.

Usajili pekee hautoshi. Chama kinaweza kuwa na cheti, mhuri na viongozi, na wanachama wake wakakamatwa vilevile, kwa sababu mkataba haujatiwa sahihi au muda wake umekwisha. Udhaifu mwingine ni wa nyumbani: mkataba unakaa katika sanduku la mwenyekiti, na mvuvi au mama wa kuni hajui haki yake imeandikwa vipi wala mipaka yake. Mwanachama ana kila sababu ya kuomba usomwe mkutanoni, kwa Kiswahili, sehemu baada ya sehemu.

KFS nalo linafungwa na karatasi hiyo. Haliwezi kuamka siku moja na kuwafukuza watu wenye mkataba. Mhifadhi Mkuu wa Misitu anaweza kuuvunja, au kuondoa haki moja ya matumizi, ikiwa chama kimekiuka masharti au ikiwa uhai wa msitu unadai hivyo, lakini lazima kwanza akipe chama ilani ya siku zisizopungua 30 ili kijieleze. Chama kisichofungua barua zake hupoteza siku hizo bila kujua.

Gazi imeonyesha mkataba unaweza kuzaa nini. Kupitia chama chao cha msitu, wanakijiji wa Gazi na Makongeni walipata mkataba na KFS, na mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja ukapata idhini ya kimataifa ya kuuza kaboni ya hekta 117 za mikoko. Mti hunyonya hewa ukaa na kuihifadhi, na kwa mikoko sehemu kubwa huzikwa kwenye matope. Mnunuzi wa ng'ambo hulipia takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimeingia katika maji ya kijiji, shule na kazi ya kulinda na kupanda mikoko yenyewe. Mwaka 2017 mradi ulitunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Jambo ambalo halitajwi sana, na ambalo huenda ndilo lililouokoa mradi, ni mivinje. Wanakijiji walipanda mivinje nchi kavu ili wapate kuni na miti ya kujengea, kwa sababu kumkataza mtu boriti bila kumwonyesha boriti nyingine ni kumfundisha kukata usiku. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu zilifuata kwa hekta 460.

Anayekuja na karatasi ya kaboni

Mafanikio hayo yameleta wageni. Siku hizi mtu anaweza kufika kijijini na fomu, akawataka wazee watie sahihi kwamba mikoko yao itauzwa kaboni yake. Mikoko ni ya umma, kwa hivyo sahihi ya wazee peke yake haitoshi kumpa haki hiyo, na wazee hawana mamlaka ya kuitoa.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023, mradi wa kaboni katika ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Kwa miradi ya ardhi, jamii hupata si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Serikali ya kitaifa na serikali ya kaunti husika zinatakiwa kusimamia na kufuatilia mazungumzo ya mkataba huo. Hapo, tofauti na suala la boriti, ofisi ya kaunti ni mahali sahihi pa kwenda, na mkaazi aende mapema kabla ya mkutano wa kutia sahihi.

Mgeni huyo na aulizwe mkutanoni, mbele ya afisa wa misitu: chama kina mkataba na KFS au hakina, asilimia iliyoandikwa ni ya mapato gani, nani ataweka hesabu, na mwanakijiji ataiona lini. Aulizwe pia ni miaka mingapi, maana mikataba ya aina hii huchukua miongo, na watakaoishi nayo ni watoto ambao leo wanaokota kaa matopeni. Nakala moja ibaki kwa chama, nyingine kituo cha misitu, nyingine ofisi ya kaunti. Nakala ya kijiji isomeke na yeyote anayetaka kuisoma, bila kulazimika kumsubiri mwenyekiti arudi kutoka safarini.