BRAUNI NA BOGATI: KIBWENGO CHA NYUMBANI NA TABIA ZAKE

Utangulizi

Wengi wenu mmesoma kitabu cha pili cha Harry Potter, kilichotoka mwaka 1998, au mmetazama filamu yake. Humo yumo Dobby, mtumishi mdogo asiye binadamu, anayekuwa huru siku anapopata soksi. Maswali yanayofuata huwa mawili: huyu ni jini? Na soksi inahusiana vipi na uhuru wake? Somo hili linajibu yote mawili. Jambo la nguo halikuanzia katika kitabu hicho. Asili yake ni hekaya za wakulima wa Uskoti na wa kaskazini mwa Uingereza.

Brauni ni nani?

Wakulima hao walisimuliana habari za kiumbe mdogo mwenye manyoya, aliyevaa matambara au asiyevaa kitu. Kwa rangi ya mwili wake aliitwa brauni. Mchana haonekani. Usiku, wenye nyumba wakishalala, hupura nafaka, hufagia na husukasuka maziwa yatoe siagi. Lakini ana masharti yake:

1. Aachiwe bakuli la maziwa mazito au mkate wenye asali, mahali atakapoukuta mwenyewe. Asiitwe akaambiwa, "Chukua ujira wako."

2. Asipewe nguo. Akipewa huzivaa, akaenda zake na asirudi. Wasimulizi wengine walisema huona ameshalipwa, basi kazi imekwisha. Wengine walisema huchukia kufanywa mtu wa kuajiriwa. Jambo hilo limo pia katika hekaya ya Ujerumani iliyochapishwa na ndugu wawili Grimm mwaka 1812, ya vijitu viwili vilivyomshonea fundi viatu usiku. Viliposhonewa nguo vilifurahi, vikacheza, vikatoka moja kwa moja.

3. Kazi yake isidharauliwe. Huko Cranshaws, Uskoti, yasimuliwa kwamba brauni alihudumia shamba moja miaka kadhaa, mpaka mtu mmoja akasema nafaka haikupangwa vizuri. Usiku ule brauni aliibeba nafaka yote, akaenda kuimwaga kwenye jabali la mbali, na hakuonekana tena.

Bogati na mkulima

Wasimulizi wengi walisema brauni akiudhika sana haondoki, bali hugeuka bogati. Hapo mikono ile ile iliyokuwa ikifagia sasa humwaga. Huvuta shuka za waliolala, hupokonya watoto mkate, huficha vitu na kugonga kuta.

Hekaya yake mashuhuri ni ya mkulima wa Yorkshire. Nyumbani kwake bogati alikaa nyuma ya ukuta wa mbao wenye tundu. Watoto wakaufanya mchezo: wanatia pembe ya kuvalia viatu tunduni, naye anawarushia vichwani. Lakini visa vilizidi mpaka mkulima akachoka, akapakia vyombo vyote kwenye mkokoteni ahame. Njiani jirani akamwuliza, "Kumbe mnahama?" Kabla hajajibu, sauti ikatoka ndani ya chombo cha kusukasukia maziwa: "Ndiyo, tunahama!" Mkulima akageuza mkokoteni akarudi nyumbani, maana aliona bora kusumbuliwa katika nyumba anayoijua.

Wasomi wa zamani walisemaje?

Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot aliandika kitabu cha kupinga imani za uchawi. Alieleza kwamba zamani vijakazi walimwekea kibwengo aitwaye Robin Goodfellow bakuli la maziwa kwa kazi zake za usiku, na kwamba alikasirika akiwekewa nguo. Scot aliyaona hayo kuwa porojo. Mwaka 1597 mfalme wa Uskoti, James wa Sita, alitoa kitabu chake akamtaja brauni, na hukumu yake ikawa kwamba ni shetani anayewahadaa watu waone nyumba zao zina baraka kwa ajili yake. Miaka 13 tu baina ya vitabu viwili, na hukumu mbili tofauti.

Sisi tukiyatazama matendo ya bogati, mengi yana sababu zake. Siagi haitoki vizuri maziwa yakiwa ya baridi mno au ya moto mno. Mbao hulia usiku hewa inapopoa. Panya hugonga na kubeba. Na kilichowekwa ovyo hupotea.

Je, huyu ni jini?

Sisi tunaamini kuwa majini wapo, kwani Qur'an imewataja, na sura ya 72 ina jina lao. Lakini kuamini kwamba majini wapo si kuamini kila hekaya. Brauni ni kiumbe wa masimulizi, na hatuna dalili ya kumwingiza katika itikadi yetu. Ama kumwekea kiumbe asiyeonekana chakula ili ailinde nyumba, huo ni mlango wa shirki, tujihadhari nao.

Mafunzo

Hata hivyo, hekaya ikisomwa vizuri ina mizani ndani yake. Brauni hakuzaliwa mbaya. Dharau ya nyumba ndiyo iliyomgeuza. Na mkulima alipotaka kukimbia, alichokikimbia kilikuwa kimepakiwa pamoja na vyombo vyake. Nyumba yenye dhuluma hata ihamie mtaa wa pili itahama nayo.

Sasa tutazame kwetu. Yupo nyumbani binti wa kazi anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri, akalala wa mwisho, na chakula chake ni ukoko wa sufuriani. Kitu kikipotea, yeye ndiye wa kwanza kupekuliwa. Wale wakulima walimwachia maziwa mazuri mtumishi wasiyemwona. Sisi tunamwona wetu kwa macho, na tunamjua kwa jina. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, wale tunachokula, wavae tunachovaa, na wasikalifishwe wasiyoyaweza. Ujira wao ni haki yao, na haki hailipwi kwa kuviziana gizani. Hulipwa mkononi, kwa wakati wake na kwa neno jema.

Basi ukisikia kishindo usiku, soma dua yako, kisha washa taa utazame kama panya hayumo. Na asubuhi, kabla ya kuuliza nani kaficha kitu chako, kitafute kwanza ulipokiweka.

Maswali ya mazoezi

1. Taja masharti matatu ya brauni.
2. Eleza tofauti ya hukumu ya Scot na ya mfalme James.
3. Kwa nini mkulima wa Yorkshire alirudi nyumbani?
4. Taja haki tatu za mtumishi wa nyumbani, kisha ueleze ni ipi inayosahauliwa zaidi mtaani kwenu.