Niliyojifunza kwa wakaanga samaki

Kwa miaka minne nimekuwa katibu wa kikoba cha wanawake 22 huku Temeke, wengi wao wakaanga samaki. Nilipoingia nilidhani mwalimu ni mimi.

1. Nenda mnadani kwanza. Nilianza na somo la mapato na matumizi. Mama mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mdogo wangu, umewahi kufika Feri saa kumi na moja alfajiri?" Kesho yake nikaongozana naye hadi soko hilo la samaki. Aligombea ndoo ya vibua, akalipa vijana wa kupara, na bajaji ilipofika Mtongani tayari alikuwa na hesabu yote kichwani: ndoo, kuni, nauli, mafungu ya jioni. Somo langu halikuwa na kazi. Kilichomla ni mafuta ya kupima, anayonunua dukani kidogo kidogo kwa bei ya juu kwa kukosa hela ya dumu zima. Siku hizi kikoba hununua dumu la lita 20, wanagawana.

2. Marejesho yafuate bahari. Mkopeshaji wa kausha damu, mikopo ya riba kubwa, hupita kudai kila jioni, samaki wawepo wasiwepo. Nimeona godoro la mdaiwa likibebwa mtoto akiwa bado amelala juu yake, wakamshusha. Kwetu hulipwa kwa wiki, na kusi ikivuma sana tunapokea riba tu.

3. Kagua majina. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, ikarudi mwaka uliofuata. Tukapeleka katiba, muhtasari na barua ya mtaa. Tukarudishwa mara mbili kwa sababu "Mwanahamisi" wetu mmoja aliandikwa "Mwanaamisi" kwenye kitambulisho cha NIDA. Herufi moja, miezi mitatu!

4. Laini ya simu iwe ya mkopaji mwenyewe. Mkopo wa mwenzetu uliingia kwenye simu ya mumewe, ukawa tairi za bodaboda.

5. Wadaiwa sugu ni sisi majirani. Nilipoomba kuona daftari la madeni la yule mama wa Feri, nikakuta jina langu ukurasa wa pili: shilingi 3,500, tangu Ramadhani. Hakuwahi kunikumbusha. Nimelipa. Nawe kama unadaiwa fungu la samaki mtaani kwako, pitisha hela leo jioni kabla mkaangaji hajazima jiko.