Kupunguza Tanga la Kichina Upepo Unapozidi

Mwaka 1960 mabaharia watano walishindana kuvuka Atlantiki kutoka Plymouth hadi New York, kila mmoja peke yake chomboni. Mwingereza H. G. Hasler alifika wa pili, kwa siku 48. Chombo chake, Jester, chenye urefu wa meta 7.6 hivi, kilikuwa na tanga la namna ya Kichina, naye aliweza kulipunguza akiwa amesimama katika tundu la sitaha. Faida hiyo si ndogo: baharia wa peke yake akiteleza majini usiku, hana wa kumwokoa.

Kani ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi. Chukua tanga la mstatili lenye upana wa meta 4 na kimo cha meta 5, ambalo ukingo wake wa chini uko meta 2 juu ya egemeo la chombo. Upepo wa meta 10 kwa sekunde hukandamiza kwa nyutoni 60 hivi kila meta ya mraba. Kani yote ni nyutoni 1,200, na momenti ya kukilaza chombo ni 1,200 × 4.5, yaani nyutoni-meta 5,400. Kasi ikiwa maradufu, momenti hufika 21,600. Likibakizwa tanga la kimo cha meta 2 tu, kani huwa nyutoni 1,920, na kitovu chake hushuka hadi meta 3. Momenti sasa ni 5,760, karibu sawa na ile ya kwanza.

Katika jahazi la pwani yetu, kupunguza tanga kwa kawaida ni kushusha foromali na kufunga tanga dogo, kazi ya watu kadhaa. Tanga la Kichina limegawanywa kwa fito zinazolikata upana mzima. Jarari ikilegezwa, uzito wa fito hulishusha pande moja baada ya nyingine, nalo hujikunja juu ya boriti ya chini, likipakatwa na kamba zinazoning'inia kutoka mlingotini. Hakuna haja ya kufunga vifundo, kwa kuwa demani imegawanyika na kushika ncha za fito, hivyo ikikazwa huzibana fito zilizolala.

Tanga likishushwa lote, lifungwe kwa kamba, maana upepo wa nyuma waweza kuzifumua fito kama upepeo. Tena demani iliyolegea iangaliwe: hupenda kunasa kwenye ncha ya ufito, hasa tanga linapogeuka upande.