DARSA: JE, MASHAIRI NA MAIGIZO YA SKULI YAMZUIA MTOTO KUFIKA CHUO KIKUU?

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wasomaji wa Mombasa, Malindi, Lamu na miji mingine ya pwani, darsa hii naiandika kutoka Chechelesi, mtaa wa mji wa Isiolo, kiasi cha kilomita 280 kaskazini ya Nairobi. Labuda wako miongoni mwenu watakaosema: Isiolo ni mbali, ya huko yatuhusu nini? Jawabu ni kwamba suala lililoletwa mbele yangu hapa nimelisikia pia Mombasa, na huko kwenu makosa ya kulijibu ni kama yetu. Basi someni, kisha mpime.

Suala lenyewe

Baba mmoja wa mtaa huu, mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa sala na mwenye heshima yake, alinijia baada ya sala ya Isha. Akaniambia, "Sheikh, binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Nimeambiwa yumo katika kundi la kughani mashairi na kuigiza michezo. Mimi nimempeleka akasome apate kuingia Chuo Kikuu, sikumpeleka akacheze. Wasemaje?"

Nami, bila ya kuuliza yasomwayo katika mashairi hayo, wala nani awasimamiaye, wala ni saa ngapi kwa juma, nilimjibu, "Mtoe." Akamtoa.

Nawakirieni wazi kuwa nilikosea. Mufti hajibu kabla ya kulijua jambo analoulizwa, na mimi nilijibu kwa kulisikia jina lake tu. Baada ya muhula mmoja mwalimu wake alikuja kwangu kwa adabu, akaniambia kuwa mtoto yule amenyamaza darasani, na alama zake za Kiswahili na Kiingereza zimeshuka. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza niliyopasiwa kuyauliza mwanzo. Darsa hii ni matunda ya kuuliza huko.

Mtihani wataka nini?

Sisi tuliosoma vyuoni na misikitini hudhani kwamba mtihani wa serikali ni hisabati na sayansi, na yaliyobaki ni mapambo. Si hivyo. Katika mtihani wa KCSE, somo la Kiswahili lina karatasi tatu. Ya kwanza ni insha, alama 40. Ya pili ni lugha, alama 80. Ya tatu ni fasihi, yaani riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi, nayo ni alama 80. Jumla ni 200. Basi sehemu mbili katika kila tano za somo zima ni fasihi. Katika Kiingereza nako, karatasi ya kwanza ina alama 30 za ufundi wa kusema na kusikia.

Sasa tazameni. Mtoto aliyesimama mbele ya watu akaghani shairi ameujua urari wake kwa ulimi wake, hakuukariri tu kutoka kwenye ubao. Mtoto aliyeigiza sehemu ya tamthilia inayosomwa skuli, kama vile "Bembea ya Maisha" ya Timothy Arege, aulizwapo tabia ya mhusika hujibu kama mtu aliyemjua. Mwenziwe aliyeisoma mara moja usiku wa kuamkia mtihani hawezi kujibu hivyo.

Tena iko faida ya mbele. Mwenye kutaka shahada ya Chuo Kikuu hapana budi apate C+ kwa jumla. Lakini anayetaka kusoma sheria, pamoja na hiyo C+, hutakiwa awe na B katika Kiingereza au katika Kiswahili. Ni wazee wangapi wanaosema, "Nataka mwanangu awe wakili atutetee haki zetu," na huku wamfunga ulimi wake?

Je, dini yasema nini?

Watu wetu wengine husema kuwa ushairi na michezo ni upuuzi, dini haivitaki. Maneno haya yakisemwa hivyo bila ya kupambanua, si kweli. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwekea Hassan bin Thabit mimbari katika msikiti wake apate kusimama na kuwajibu maadui kwa mashairi. Wahabashi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akawatazama, na Mtume hakuwakataza. Na katika Qurani, mwisho wa sura iitwayo Washairi, baada ya kulaumiwa washairi wapotevu, wametolewa walioamini na kutenda mema. Basi kilaumiwacho ni uovu wa maneno. Utungaji wenyewe haukulaumiwa.

Na mkumbukeni Jaafar bin Abi Talib. Waislamu wa mwanzo walipokimbilia Uhabashi, Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Kilichowaokoa, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, ni ulimi wa Jaafar mbele ya Najashi. Alisimama akaeleza kwa mpango walivyokuwa zamani na walivyokuwa baada ya Uislamu, kisha akasoma sura ya Maryam hata mfalme akalia. Hakuwa na jeshi wala mali. Alikuwa na haki, na alijua kuisema. Twawafundisha watoto wetu haki. Nani atawafundisha kuisema?

Na ninyi watu wa pwani hamna haja ya kuambiwa haya na mtu wa Isiolo. Mwana Kupona alimuusia binti yake kwa utenzi, katika karne ya kumi na tisa. Wazee wenu walifundisha tawhidi, sira na adabu kwa tenzi, na wanawake wakazihifadhi majumbani. Shairi lililokuwa chuo kwa bibi limekuwaje haramu kwa mjukuu kwa kuwa tu lasomwa skuli?

Mfano wa nyumbani kwenu

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa "Sahifa" mwaka 1930 na "Al-Islah" mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alifariki mwaka 1947 akamwacha mwanawe Ali ana miaka kumi na minne. Mzee alitumai kijana huyu asome Al-Azhar. Lakini mwaka 1949 Ali alifanya mtihani wa Cambridge na hakufaulu vizuri, na chuo cha Makerere kikamkataa. Akashika kazi katika Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, MIOME, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Mapema katika miaka ya 1950, katika mkutano wa Maulidi hapo chuoni, alisimama akahutubu juu ya Mtume. Hapa hatuingii katika mjadala wa Maulidi. Hilo lina darsa yake. Kilichotokea ni kwamba Gavana, Sir Philip Mitchell, alikuwako, akaisikia hotuba ile na ikampendeza, na kutokana na hayo njia ya kwenda kusoma Uingereza ikaanza kufunguka. Mwaka 1955 akaenda Huddersfield. Akapata shahada ya Manchester mwaka 1960, ya Columbia mwaka 1961, na udaktari wa Oxford mwaka 1966. Na Makerere ile iliyomkataa, aliingia akiwa mwalimu, akawa profesa.

Wapenzi wa michezo wataishika nusu ya kisa hiki na kusema, "Mwaona, ufasaha umemfikisha." Lakini nawaambia washike na nusu ya pili. Alipofika Huddersfield hakuingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Alikaa kwanza kuitimiza elimu ya sekondari iliyompungukia. Hotuba ilimfungulia mlango, lakini mtihani haukusamehewa. Anayemwambia mtoto aache mashairi amekosea, na anayemwacha mtoto aghani mwaka mzima bila ya kufungua kitabu amekosea zaidi.

Masharti

Nilirudi kwa yule baba nikamwambia, "Ndugu yangu, nilikufutu bila ya ujuzi. Nisamehe, na tutazame upya." Tukakaa naye, na mwalimu, na mama wa mtoto. Tukawafikiana juu ya mambo matano, na kila mzazi aweza kuyatumia.

Kwanza, maneno yasomwe na mzazi kabla ya kughaniwa. Yakiwa na matusi, au dhihaka ya dini au ya kabila la watu, mtoto aseme, "Hili sitalisoma," na mwalimu alikubali hilo.

Pili, mavazi yawe ya stara, na safari ya mashindano isiwe bila ya mwalimu wa kike kufuatana na mabinti.

Tatu, mazoezi yasiipite sala.

Nne, wakati uwe na mpaka. Mashindano ya taifa ya maigizo, yaliyoanza mwaka 1959, kwa kawaida humalizika mwezi wa Aprili. Ya muziki, yaliyoanza mwaka 1927, humalizika Agosti. Na KCSE huwa baina ya Oktoba na Novemba. Basi mtoto wa Kidato cha Nne akishiriki, ashiriki muhula wa kwanza, kisha aage. Agosti si wakati wa mtahiniwa kuwa safarini.

Tano, alama zikishuka, apumzike hadi zipande.

Baba alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Haya ungeniambia siku ile ya kwanza." Sikuwa na la kumjibu. Mtoto alirudi katika kundi lake.

Matayarisho tunayoyasahau

Wazee wengi hushughulika na ngonjera na kuyaacha mambo yanayomzuia mtoto kweli. Hapa nitataja matatu.

La kwanza ni jina. Mtoto huandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad katika daftari la skuli, na Mahamud katika kitambulisho cha baba. Kwetu ni jina moja. Kwa karani ni watu watatu. Lisawazisheni kabla ya kuandikishwa mtihani, kwani baadaye ni taabu na gharama. Na atimizapo miaka 18 achukue kitambulisho mara moja. Sisi wa kaskazini tulikuwa tukisailiwa zaidi ya wengine, na amri ya kuondoa usaili huo ilitolewa Februari 2025. Basi asibaki nyuma kwa uvivu wetu.

La pili ni kuchagua. Nafasi za vyuo hugawanywa na KUCCPS, na kila kozi hutazama masomo manne maalumu ya mtoto. Anayetaka uganga na akaliacha somo linalotakiwa, hawezi kulirudisha baada ya matokeo. Ulizeni mapema, msingoje Kidato cha Nne. Asiyepata C+ asivunjwe moyo: mwenye C- aweza kusoma diploma na kupanda kutoka hapo. Na wale wadogo wa mfumo mpya wa umilisi, ambao kundi lao la kwanza lilitahiniwa kumaliza sekondari ya chini mwaka 2025, watakuta njia tatu katika sekondari ya juu: sayansi na ufundi, sayansi ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Msimlazimishe mtoto njia kwa fahari ya jirani, wala msidhani ya sanaa ni ya walioshindwa.

La tatu ni mali. Mkopo wa serikali kwa wanafunzi, HELB, una ziada ya asilimia 4 kwa mwaka, na wengi wetu moyo hautulii nao. Sitaki kulitolea fatwa hapa kwa mistari miwili. Nimekwisha kukosea kwa haraka mara moja. Ila nasema hivi: jamii inayowaonya watoto na riba, kisha isiwawekee njia nyingine, imewatwika mzigo na kuwaacha barabarani. Mwanafunzi fakiri anastahiki zaka. Kila msikiti na uweke fungu la wanafunzi tangu mwanzo wa sekondari, shilingi kwa shilingi, kabla ya siku ya barua ya kuitwa chuoni.

Hatima

Zama za Waingereza, Isiolo ilikuwa makao ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na watu walihitaji ruhusa kuingia na kutoka. Skuli zilichelewa kutufikia, na upungufu huo twaulipia hata leo. Mlango ule tulifungiwa na wengine. Walakini mlango wa binti yule niliufunga mimi, kwa neno moja, nami nina kilemba kichwani.

Basi enyi ndugu zangu masheikh, tukiulizwa na mzazi, tuulize kwanza. Enyi wazazi, jueni anachofanya mtoto kabla ya kukikataza, na jueni pia kabla ya kukiruhusu. Enyi vijana, ghanini, andikeni, hutubuni. Lakini kengele ya kusoma ikilia, vueni mavazi ya maigizo mkae kitako.

Binti yule sasa yuko Kidato cha Nne. Aliagana na kundi lake mwisho wa muhula wa kwanza kama tulivyoahidiana, na kila siku baada ya Alasiri husoma na wenziwe katika chumba cha madrasa yetu. Atafaulu au hatafaulu, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Muombeeni, yeye na watahiniwa wote wa Kiislamu na wasio Waislamu.

Wabillahi tawfik.