SOMO LETU: MILA HUFANYWA NA WATU



Katika vikundi vyetu vya Migori na Homa Bay kuna jambo linalorudi mara kwa mara. Mwanachama anafiwa na mumewe. Haipiti miezi mingi, ameacha kuja mkutanoni, akiba yake imesimama, na shamba alilokuwa akilima linalimwa na mtu mwingine. Tukiuliza tunajibiwa, "Hiyo ni mila." Basi, maneno yanaishia hapo.

Leo tunataka yasiishie hapo. Tutatumia sosholojia, yaani elimu ya jamii. Elimu hii huchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, kanuni wanazofuata na nani ana usemi kati yao. Hufundishwa vyuoni, lakini mambo yake yako hapa hapa kijijini.

1. MANENO MANNE YA KUANZIA

Nafasi. Ni mahali ambapo jamii imemweka mtu. Jana mama alikuwa mke wa boma, leo anaitwa chi liel, mke wa kaburi. Mikono yake ni ile ile, jembe ni lile lile, lakini nafasi imebadilika na watu wanamtazama tofauti.

Wajibu. Ni yale yanayotarajiwa kwa mwenye nafasi fulani. Mama huyo ni mjane, ni mzazi, na pengine ni mweka hazina wa kikundi. Wajibu wake unagongana. Kama mjane anaambiwa asiingie nyumba za watu mpaka mila itimizwe. Kama mweka hazina anatakiwa alete hesabu, na kikundi kinakutana kwa zamu katika nyumba za wanachama. Afanye nini?

Kaida. Ni kanuni ambazo hazikuandikwa lakini kila mtu anazijua. Waluo huita miiko yao kwer. Wenzetu Wakuria wana yao.

Adhabu. Ni kinachomngoja anayevunja kaida. Wala haihitaji askari. Kusemwa sokoni kunatosha, na zaidi ya hapo kuna hofu ya chira, ugonjwa unaosemekana humpata aliyevunja mwiko.

Haya yote tunajifunza tangu utotoni, hatuzaliwi nayo. Tazama Wasuba wa Rusinga na Mfangano. Mababu zao walisema lugha ya Kibantu, leo wengi wao wanasema Dholuo. Ikiwa hata lugha yaweza kubadilika, mila nayo inaweza.

2. NJIA TATU ZA KUTAZAMA

Wataalamu watatu wa zamani hutusaidia.

Emile Durkheim, Mfaransa (1858–1917), aliuliza: desturi hii inafanya kazi gani ya kuwashika watu pamoja? Tukitazama tero, yaani kurithi mjane, tunaona ilikuwa na kazi. Shemeji alichukua mzigo wa kutunza boma. Watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa ni wa marehemu. Mama hakupoteza shamba.

Karl Marx, Mjerumani (1818–1883), aliuliza: mali iko mikononi mwa nani, na nani anafaidika? Nenda ufuoni asubuhi. Mitumbwi mingi ni ya wanaume, wanunuzi wa omena wengi ni kina mama. Ndiyo maana jaboya ikaingia, mama kudaiwa mwili wake ndipo apate samaki. Kwa shamba ni vivyo hivyo. Anayesema "ni mila" mara nyingine ndiye anayebaki na shamba.

Max Weber, naye Mjerumani (1864–1920), aliuliza: kwa nini watu wanatii? Akaona sababu tatu: desturi, mvuto wa mtu mwenyewe, na sheria. Mzee wa ukoo anatiiwa kwa desturi, nabii kwa mvuto wake, chifu kwa sheria. Kwa hiyo ukileta karatasi ya sheria peke yake bila kuzungumza na wazee, umefanya nusu ya kazi.

3. KAZI IMEKWISHA, GANDA LIMEBAKI

Sasa tupime tero ya leo. Mahali pengine mrithi ni mtu wa kukodiwa, anayelipwa na kwenda zake. Halimi, halipi karo. Tena kaunti zetu hizi mbili ni kati ya zilizoumizwa sana na UKIMWI. Kazi aliyoitaja Durkheim imekwisha, na swali la Marx limebaki.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inatumika tangu 1981. Inampa mjane mwenye watoto haki ya kutumia mali ya marehemu maisha yake, na watoto wa kike wanahesabiwa pamoja na wa kiume. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa. Katiba ya 2010, ibara ya 60, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi. Sheria ya 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inahesabu kumrithi mjane kwa lazima kuwa ni ukatili.

Tusiwatukane wazee. Kuna boma ambako wao wenyewe wamekubali koti la mrithi litundikwe nyumbani kama ishara tu, na mambo yakaishia hapo. Waliobadilisha mila ni wenyeji wenyewe.

4. ONA, AMUA, TENDA

Jadilini kikundini, kina mama waanze kusema:

(a) Mjane wa mwisho katika kikundi chetu, shamba lake liko na nani leo?
(b) Ni kaida gani ilimzuia kuja mkutanoni? Nani alifaidika?
(c) Mzee gani anaweza kutusikiliza?

Kisha tendeni haya matatu. Kwanza, mkutano uhamie uwanja wa kanisa au chini ya mti, ili mjane asizuiwe na mwiko wa nyumba. Pili, katiba ya kikundi iandike kwamba akiba ya mfiwa ni yake na haiguswi na ndugu. Tatu, wanachama wawili wamsindikize mapema kutafuta cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote, na wahakikishe jina lake na ya watoto wote yamo kabla barua haijapigwa muhuri.